Matatizo ya Valvu katika Amplifaya za Hedifoni: Dalili, Visababishi na Hatua za Kuchukua

Malalamiko mengi kuhusu amplifaya za hedifoni zinazotumia valvu, yaani zile chupa za glasi zisizo na hewa zinazokuza sauti, hufanana: mtu ameweka valvu mpya, au ameirudisha ya zamani, na baada ya siku chache anasikia mikwaruzo, upande mmoja umefifia, au kuna mngurumo ambao hapo awali haukuwapo. Wazo la kwanza linalomjia ni kuagiza valvu nyingine. Namsihi asubiri kidogo. Pini chafu, valvu isiyokaa sawasawa kwenye soketi na valvu ya aina isiyofaa huleta matatizo mengi kuliko valvu iliyokufa kweli, na njia ya kuvitambua haina gharama: hamisha valvu, kisha uangalie kama tatizo limehama nayo. Likihama, valvu ndiyo yenye kasoro. Likibaki pale pale, kasoro iko kwenye amplifaya au kwenye nyaya, na valvu mpya haitaiondoa.

Maelezo haya yanahusu aina mbili za amplifaya zinazotumiwa sana. Ya kwanza ni ya mseto, ambamo valvu moja au mbili ndogo za pini 9 hukuza sauti na transista zikaisukuma hedifoni. Ya pili haina transfoma ya kutolea sauti. Kwa kawaida hutumia 6SN7 au 12AU7 mbele na valvu kubwa ya 6080 au 6AS7G nyuma, na ndani yake mna umeme wa volti 150 au zaidi. Baadhi ya amplifaya za mseto hutumia volti chache tu, lakini kwa kuwa huwezi kulijua hilo kwa kutazama sanduku kwa nje, zote zichukuliwe kuwa za hatari.

Kabla ya kugusa valvu

Zima amplifaya, chomoa plagi ukutani, chomoa na hedifoni, kisha usubiri angalau nusu saa. Valvu ya 6080 iliyowaka kwa muda ina joto la kuunguza ngozi papo hapo, na kapasita za ndani, yaani vihifadhi umeme, zinaweza kushikilia umeme hata baada ya plagi kutoka. Kwa sababu hiyo hiyo usiingize kitu chochote cha chuma katika matundu ya soketi, zikiwamo zile brashi nyembamba za kusafishia kati ya meno, ambazo zina waya katikati. Sanduku lisifunguliwe. Hatua zote nitakazozieleza hufanywa kwa nje, na zinapokoma ndipo kazi ya fundi inapoanza.

Valvu ndogo ya pini 9 hushikwa chini, karibu na pini, ikavutwa wima huku ikizungushwa kwa duara dogo sana. Kuiinamisha upande mmoja hupinda pini na huweza kupasua glasi pale pini zinapoingilia. Ncha iliyochongoka juu ya glasi ndipo ilipofungwa baada ya hewa kunyonywa kiwandani; ncha hiyo ikivunjika, valvu imekwisha. Valvu za pini 8 kama 6SN7 hushikwa kwa kitako chake na si kwa glasi, kwa kuwa katika valvu za zamani gundi inayoviunganisha mara nyingi imekwisha kukauka. Wakati wa kurudisha, tafuta pengo lililo kati ya pini ya 1 na ya 9, au kile kijiti cha katikati chenye ukingo katika zile za pini 8, ukilinganishe na soketi ndipo usukume. Ikigoma, itoe uzitazame pini. Usilazimishe.

Je, valvu hiyo ni ya soketi hiyo?

Swali hili ninalitanguliza kwa sababu jibu lisilo sahihi huzaa karibu dalili zote zitakazofuata. Valvu mbili zinaweza kuingia katika soketi moja bila kugoma na bado zikawa na mahitaji tofauti kabisa. Valvu za 12AX7, 12AU7 na 12AT7, ambazo huko Ulaya huandikwa ECC83, ECC82 na ECC81, zina hita, yaani waya wa ndani unaoipasha valvu moto, yenye sehemu mbili zinazokutana kwenye pini ya 9. Katika 6DJ8, yaani ECC88, hita iko kati ya pini ya 4 na ya 5, na pini ya 9 ni ya kinga tu. Ukiiweka 6DJ8 katika soketi inayotoa volti 12.6 kati ya pini ya 4 na ya 5, hita ya volti 6.3 inapewa mara mbili ya stahili yake na inaweza kuungua kwa muda mfupi. Ukifanya kinyume chake, 12AU7 hupata nusu ya umeme wa kuipasha moto, ikawaka hafifu, na sauti ikatoka nyonge na yenye kukwaruza.

Hata ndani ya jamii moja kuna mitego. Hita ya 6DJ8 hutumia miliamperi 365, ya 6922 au E88CC hutumia 300, na ya 6N1P ya Urusi hutumia 600, ingawa mpangilio wa pini unakaribiana kiasi cha kuwafanya wauzaji waziite mbadala wa moja kwa moja. Transfoma iliyokadiriwa miliamperi 300 ikibebeshwa 600 hupata joto kupita kiasi, na madhara yake yanaweza kujitokeza baada ya wiki nyingi, wakati mwenye kifaa amekwisha kusahau alichobadilisha. Vilevile ukomo wa volteji ya anodi (bamba la nje la chuma ndani ya valvu) ya 6DJ8 ni volti 130 ilhali E88CC inavumilia 220. Amplifaya iliyobuniwa kwa hiyo ya pili inaweza kuimaliza ya kwanza mapema. Orodha ya valvu zinazokubalika iliyo katika kitabu cha mtengenezaji ndiyo hoja ya mwisho. Adapta za kubadilisha mpangilio wa pini nazikubali pale tu mtumiaji amehakikisha volteji na mkondo wa hita, na kwa maoni yangu asiye na uhakika huo hazihitaji kabisa.

Mikwaruzo, milipuko midogo na sauti inayokatika

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa zaidi, na chanzo chake kikuu ni mguso hafifu kati ya pini na soketi. Pini safi hung'aa. Iliyoshikwa na oksidi huwa na rangi ya kijivu isiyo na mng'ao, na ukiitazama kwenye mwanga utaona mstari mwembamba uliokwanguliwa pale soketi inapobana. Wanaoishi pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, watarajie hali hii mapema zaidi kwa sababu ya hewa ya chumvi. Zima, subiri, itoe valvu, lowesha kitambaa kisichoacha nyuzi kwa alkoholi ya isopropili uifute kila pini, kisha paka tone dogo la dawa ya kusafishia kontakti kwenye pini zenyewe. Ingiza na kutoa valvu mara tatu au nne, ili pini ziisafishe soketi bila wewe kuchokonoa ndani yake. Acha dawa ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Maandishi yaliyo juu ya glasi yasifutwe, kwani rangi yake hutoka hata kwa kidole chenye jasho, na bila maandishi hayo ni vigumu kujua valvu ni ya aina gani.

Ikiwa mikwaruzo inaendelea, tambua inatokea wakati gani. Inayosikika unapozungusha kitufe cha sauti peke yake hutoka kwenye kitufe hicho. Kizungushe mwanzo hadi mwisho mara kadhaa amplifaya ikiwa imezimwa, na kama haitoshi fundi atakipulizia dawa kwa ndani. Inayosikika unapotikisa waya wa kuingizia sauti au plagi ya hedifoni ni ya waya. Inayojitokeza yenyewe bila kuguswa kitu, tena kwa dakika za mwanzo tu, ni ya kawaida kwa valvu mpya au iliyokaa ghalani miaka mingi, na mara nyingi hupungua baada ya saa kumi au ishirini za matumizi. Nisingesubiri zaidi ya hapo.

Hatua inayofuata ni kuhamisha valvu. Kwenye amplifaya yenye valvu moja kwa kila upande, badilishana ya kushoto na ya kulia. Lakini amplifaya nyingi za mseto zina valvu moja tu yenye nusu mbili, nusu moja kwa kila sikio, na 6080 nayo hutumika hivyo hivyo, kwa hiyo hakuna cha kubadilishana. Ndiyo maana valvu iliyokuja na kifaa kutoka kiwandani isiuzwe wala kugawiwa hata kama sauti yake haikupendezi: hiyo ndiyo kipimo chako, kwa kuwa unajua ilifanya kazi. Mikwaruzo ikibaki baada ya kuirudisha valvu hiyo, kuna rezista inayochakaa au kiungo cha lehemu kilicholegea ndani, na hapo mpe fundi.

Upande mmoja hafifu au haulii kabisa

Anza na vitu vya bei nafuu. Vaa hedifoni kinyume: upande hafifu ukihamia sikio jingine, kasoro iko kwenye hedifoni, waya wake au vifaa vinavyoiletea sauti, na hedifoni nyingine itakuonyesha ni ipi; ukibaki sikio lile lile, lichunguze sikio lenyewe kwanza, kwa kuwa nta na mafua huleta malalamiko haya mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kisha badilishana nyaya za kushoto na kulia zinazoingia kwenye amplifaya. Tatizo likihama, liko kwenye chombo kinachotoa sauti au kwenye nyaya zake. Lisipohama, ndipo uje kwenye valvu.

Ikiwa tofauti ya pande mbili inasikika tu kitufe kikiwa chini kabisa, na inatoweka unapokipandisha, hiyo ni tabia ya vidhibiti sauti vya kuzungusha na si ugonjwa wa valvu. Punguza sauti kwenye simu au kompyuta ili uweze kukipandisha kitufe cha amplifaya, au tumia swichi ya kupunguza ukuzaji kama ipo. Tofauti iliyopo kila wakati inaweza kuwa ya nusu mbili za valvu ambazo hazikulinganishwa, au nusu moja imezeeka kuliko nyingine. Huo ni uchakavu wa kawaida, na dawa yake ni valvu mpya.

Mngurumo

Swali moja linaokoa muda mwingi hapa: je, mngurumo unapanda na kushuka pamoja na kitufe cha sauti? Ukifuata kitufe, unaingia kabla yake, yaani kutoka kwenye nyaya au chombo cha nje. Usipokifuata, unazaliwa baada yake, katika valvu au katika ugavi wa umeme.

Mngurumo wa nje kwa kawaida hutokana na vifaa viwili kupata waya wa ethi, yaani wa kupeleka umeme ardhini, kwa njia mbili tofauti, hasa kompyuta iliyochomekwa ukutani na amplifaya iliyochomekwa soketi nyingine. Chomoa chaja ya kompyuta ya mapajani usikilize ikiwa inatumia betri. Mngurumo ukikoma, chomeka vifaa vyote kwenye kebo moja ya kuongezea, au tumia waya wa mwanga kati ya kompyuta na kifaa cha kubadili sauti ya kidijitali. Simu ya mkononi ikiwekwa karibu na valvu huleta mlio wa kukatakata muda mfupi kabla ya kupigiwa, na kipanga njia cha intaneti huweza kuleta mvumo usioisha, visogeze mbali.

Kuna watu wanaomaliza mngurumo kwa kukata waya wa ethi au kwa kutumia adapta ya pini mbili. Nasema hili kwa uzito wote: usifanye hivyo. Waya huo ndio unaokulinda siku transfoma au kapasita itakapovuja umeme kwenye sanduku la chuma, nawe umevaa hedifoni kichwani. Vivyo hivyo, ukigusa sanduku ukahisi mtetemo au mwasho wa umeme, chomoa kifaa, usikitumie tena hadi fundi akipime, na uombe fundi umeme aangalie kama soketi ya nyumba yako ina ethi kweli, kwa sababu nyumba nyingi zina tundu la tatu ukutani bila waya nyuma yake.

Mngurumo usiofuata kitufe unaweza kuwa wa valvu ambayo hita yake inavuja umeme kwenye kathodi, sehemu inayopashwa moto na hita hiyo. Jaribu valvu yako ya akiba. Umeme wa kwetu una mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo mngurumo mzito wa chini unaelekeza kwenye hita au nyaya, na ule mkavu zaidi wa mizunguko 100 unaelekeza kwenye kapasita za kuchuja umeme zilizochoka. Kapasita ni kazi ya fundi.

Valvu inalia ikiguswa

Weka hedifoni shingoni, shusha sauti, kisha gonga valvu taratibu kwa ncha ya ufutio wa penseli. Ukisikia mlio mfupi kama wa kengele ndogo unaofifia, gridi na vipande vingine vya ndani vinatetemeka na mtetemo huo unakuzwa pamoja na muziki. Kila valvu hufanya hivyo kidogo. Tatizo ni pale mlio unapodumu sekunde kadhaa au kuanzishwa na hatua za mtu sakafuni. Hamishia amplifaya kwenye meza isiyowekwa spika, weka vipande vya mpira laini chini ya miguu yake, na jaribu pete za mpira wa silikoni zinazovumilia joto. Ikishindikana, valvu ibadilishwe.

Mwanga usio wa kawaida

Mwanga wa rangi ya chungwa katikati ya valvu ni wa hita. Katika baadhi ya valvu za Ulaya hita hutoa mwako mkali mweupe kwa sekunde moja mara tu unapowasha, jambo ambalo huwatisha wengi na halina madhara. Mwanga wa samawati unaotambaa juu ya uso wa ndani wa glasi ya valvu kubwa nao si kasoro. Ukungu wa zambarau ulio kati ya vipande vya chuma vyenyewe ni jambo jingine: kuna gesi ndani, na valvu iondolewe.

Tazama pia doa la rangi ya fedha lililo juu au ubavuni mwa glasi. Hiyo ni bariamu iliyowekwa kiwandani ili inyonye mabaki ya hewa. Ukubwa wake hutofautiana kwa kila aina, lakini ikigeuka nyeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu hiyo isichomekwe tena hata kwa majaribio.

Hatari kubwa kuliko zote ni bamba la nje la chuma, yaani anodi, kuanza kuiva kwa wekundu. Chomoa plagi wakati huo huo, bila kumalizia wimbo. Valvu inapitisha mkondo uliozidi, ama kwa sababu yenyewe imeharibika, ama kwa sababu kapasita au rezista inayoitawala imeharibika. Usiweke valvu nyingine kuona kama itapona. Nayo itaungua, na transfoma inaweza kuifuata. Hapa hakuna hatua ya nyumbani.

Haiwaki, au fyuzi inakatika

Kwanza angalia swichi ya volteji nyuma ya kifaa. Amplifaya iliyonunuliwa Marekani ni ya volti 120 na ya Japani ni ya volti 100. Ikichomekwa kwenye volti 230 za Tanzania au 240 za Kenya bila transfoma ya kushusha, fyuzi hukatika, na huko ndiko kuponea chupuchupu. Hata iliyoandikwa volti 220 ina shida yake: kwenye volti 240, hita isiyo na kidhibiti hupata takriban volti 6.87 badala ya 6.3, na umri wa valvu hupungua. Stabilaiza nzuri inafaa hapo, na inafaa zaidi mahali ambapo umeme hupanda na kushuka jioni.

Fyuzi ibadilishwe mara moja tu, kwa nyingine yenye amperi zile zile na aina ile ile. Herufi T inaonyesha ni ya kukatika polepole. Ikikatika tena, itoe valvu na ujaribu mara moja bila valvu ikiwa kitabu cha kifaa kinaruhusu. Fyuzi ikidumu, valvu ina shoti. Ikikatika, shoti iko ndani. Karatasi ya sigara au kipande cha waya mahali pa fyuzi ni mwanzo wa moto.

Mshindo unapowasha, au sauti iliyobadilika

Katika amplifaya zisizo na transfoma ya kutolea sauti, kapasita za mwisho huhitaji muda kujaa, na mshindo wake hupita kwenye hedifoni. Washa kwanza, subiri dakika moja au mbili, ndipo uchomeke hedifoni. Wakati wa kuzima, ichomoe kwanza. Mshindo ukiongezeka wiki hadi wiki, au hedifoni ikatoa harufu ya kuungua, kuna umeme mnyoofu (DC) unaovuja kwenye tundu la kutolea sauti. Mwenye multimita na plagi ya kuungia anaweza kupima kifaa kikiwa kimepata moto, akiwa mwangalifu nyaya za kupimia zisigusane: milivolti chache ni kawaida, lakini zinazopita 100 bila kushuka ni ishara ya kuacha.

Sauti iliyopanda ghafla baada ya kubadilisha valvu, pamoja na mvumo zaidi, mara nyingi ni tofauti ya ukuzaji: 12AX7 hukuza takriban mara 100, 12AT7 mara 60, 6DJ8 mara 33 na 12AU7 chini ya mara 20. Besi iliyolegea na nyembamba kwenye hedifoni za ohm 32 haitibiwi na valvu yoyote ikiwa amplifaya haina transfoma ya kutolea sauti. Vifaa hivyo hupendelea hedifoni za ohm 250, 300 au 600.

Unapompelekea fundi

Tafuta fundi aliyewahi kushika redio au amplifaya za gitaa za valvu, kwa kuwa anayejua simu na televisheni za kisasa peke yake huenda hajazoea volteji hizi. Mpelekee kifaa pamoja na valvu zote, ya akiba ikiwamo, kila moja ikiwa imefungwa peke yake na kuandikwa ilitoka soketi ipi. Mweleze kama tatizo lilihama na valvu au lilibaki, kama mngurumo ulifuata kitufe cha sauti, na ni valvu gani ya mwisho uliyoweka kabla dalili haijaanza.